Sentimita Arobaini na Moja

Saa tatu asubuhi kesi ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo alivyotangaza mkuu wa kituo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutangaza jambo kubwa akiwa amekaa, alisimama.

"Amekiri," alisema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Kurasa mbili, sahihi chini, na hakuna aliyemgusa hata ukucha. Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu. Kuua bila kukusudia, watu wawili. Kazi yako wewe ni kuifunga faili, na kamba iko pale."

Inspekta aliyesimama mbele yake aliitazama kamba. Kituoni hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Kifutio, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya kazi alikuwa amefuta maelezo mengi ya kukiri kuliko wenzake walivyoyaandika. Mkuu wa kituo alimpenda kama mtu anavyolipenda jino lake bovu. Lilikuwa lake, lilimuuma, na kila mwezi aliahidi kuling'oa.

"Nimsikilize kidogo," Kifutio alisema.

"Ameshasikilizwa."

"Nimsikilize mimi."

Mkuu wa kituo aliketi, ishara kwamba jambo limekuwa dogo tena.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku nne zilizopita mwendesha kreni, mtu wa miaka hamsini na sita, alikata roho ndani ya kibanda chake, ghorofa kumi na mbili juu ya ardhi. Mkono wake uliangukia wenzo, na kreni, ambayo haikuwa na habari kwamba inaendeshwa na marehemu, ikashusha tani nzima ya nondo juu ya fundi mwashi aliyekuwa chini anakunywa maji. Daktari aliyeupasua mwili wa mwendesha kreni aliandika kwamba mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni, ulikuwa umechanika, na kwamba ulikuwa mgumu "kama bomba la udongo." Lakini wiki tatu kabla ya hapo mtu huyohuyo alipimwa ugumu wa mishipa kwenye zahanati ya mkandarasi, akapewa cheti chenye muhuri: anafaa kupanda.

Mezani kwa daktari, bomba la udongo. Kwenye cheti, mishipa isiyo na neno. Mkuu wa kituo hakuchukua hata dakika mbili kuamua kwamba aliyepimwa alikuwa mtu mwingine. Marehemu alikuwa na mdogo wake wa miaka ishirini na tisa, mrefu kama yeye, paji la uso lilelile, na mlinzi wa zahanati aliapa kwamba alimwona pale siku ya kipimo. Walimkamata juzi. Jana alikiri.

Kifutio alimkuta kwenye chumba cha mahojiano, magoti yakiigusa meza kwa chini. Alikuwa fundi friji, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kulehemu. Mkanda wake wa suruali ulichukuliwa alipoingizwa mahabusu, kwa hiyo suruali aliishika kwa mkono mmoja hata akiwa amekaa. Koplo alikuwa pembeni na kalamu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nieleze ulivyopimwa."

"Imo kwenye maelezo."

"Kwenye maelezo kuna neno 'nikapimwa.' Neno moja. Mimi nataka mengine."

Fundi friji alifikiri. "Nililala kitandani. Akanifunga kitambaa mkononi, kile kinachojaa upepo. Kikabana, kikaachia. Akaandika."

"Basi?"

"Basi."

"Shingoni?"

"Shingoni pia," alisema haraka. "Alinifunga na shingoni."

Koplo aliinua kichwa. "Kitambaa kinachojaa upepo," alisema polepole, "alikifunga shingoni?"

"Hakukibana sana."

"Iandike hivyohivyo, koplo," Kifutio alisema. "Alinyongwa na zahanati, ila kwa upole. Na mguuni?"

"Mguuni hakuna kitu."

"Hujawahi kulala kwenye kitanda kile, ndugu yangu."

"Nimelala, afande. Nimekiri. Mtu akikiri mnataka tena afanye nini, aimbe?"

"Kaka yako alijua?"

"Hakujua lolote. Nilimwambia kipimo kimeahirishwa, nikaenda mimi kwa jina lake. Na yule dada anayepima hana kosa, tunafanana, alidanganyika. Kaka hana kosa. Naomba iandikwe: kaka hana kosa."

"Imeandikwa mara tatu."

"Basi iwe nne."

Kifutio aliisoma karatasi ya maelezo upya, japo alikuwa ameshaijua. "Alikulea?"

"Tangu nina miaka sita. Yeye alikuwa baba, yeye alikuwa mama, na Jumapili alikuwa kinyozi." Akapitisha mkono kichwani kana kwamba mashine bado inapita. "Kinyozi mbaya sana."

Mkuu wa kituo hakufurahi kusikia kwamba mtuhumiwa anapelekwa zahanati kuonyesha alivyotenda kosa lake. Lakini utaratibu uliruhusu, na Kifutio aliujua kwa namba ya kifungu.

"Saa nane," alisema mkuu wa kituo.

"Saa nane," alisema Kifutio.

Zahanati ya mkandarasi ilikuwa vyumba vitatu vya bati nyuma ya ghala la saruji. Chumba cha vipimo kilikuwa cha mwisho. Humo mlikuwa na kitanda chembamba cha ngozi bandia ya kijani, kilichopasuka ubavuni na kutibiwa kwa plasta ya vidonda. Pazia juu ya waya. Na kisanduku cheupe chenye kioo, kikubwa kama redio ya zamani. Ukutani bango liliuliza: MISHIPA YAKO INA UMRI GANI? Chini yake mtu alikuwa amejibu kwa kalamu ya risasi: muulizeni mama yangu.

Mpimaji alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata karatasi. Macho yake hayakuwa yamelala siku kadhaa. Alipoona ni nani aliyefungwa pingu pamoja na koplo, alitoa kalamu mfukoni, akairudisha, akaitoa tena.

"Mnafahamiana?" Kifutio aliuliza.

"Alikuja kupimwa," mpimaji alisema. "Kwa jina la marehemu. Nimeshaandikisha maelezo."

Fundi friji alitazama bango.

"Tuonyeshe kwanza kwa koplo," Kifutio alisema. "Kila hatua, kama siku zote. Mimi ni mgeni, sijui chochote."

Koplo alifungua pingu upande wake, akamfunga fundi friji kwenye nondo ya dirisha, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa ya bluu na nyingine ilikuwa na nia hiyohiyo.

"Kipimo hakina sindano wala kisu," mpimaji alianza, na sauti yake ikapata nguvu kidogo, kwa sababu sasa alikuwa kwenye kitu anachokijua. "Moyo ukipiga, unatuma wimbi kwenye mishipa. Mshipa laini unatanuka, kwa hiyo wimbi linakwenda taratibu. Mshipa mgumu hautanuki, wimbi linapita mbio. Tunaweka kihisi hiki shingoni, kama kalamu, na mkanda wa upepo pajani. Mashine inaona wimbi likipita shingoni, inaona likifika pajani, inaandika muda. Halafu mimi napima umbali kwa futikamba. Umbali ukigawanywa kwa muda unapata kasi. Ikizidi mita kumi kwa sekunde, mishipa ni migumu, na huyo mtu hapandi juu mpaka amwone daktari mkubwa."

"Kwa hiyo hapa haraka ni mbaya," koplo alisema.

"Hapa, ndiyo."

"Nitamfikishia mkuu."

Mpimaji alimwuliza tarehe ya kuzaliwa na urefu, akaviandika kwenye mashine. Akampa mkanda wa paja. Koplo akajivalisha nyuma ya pazia, akarudi akiwa na bukta na heshima yake yote. Kihisi kilipogusa shingo alicheka kama mtoto anayeogeshwa, na ilibidi waanze upya mara mbili. Kisha mpimaji alichukua futikamba.

"Kutoka kishimo cha koo," alisema, "hadi pale chini."

"Chini wapi, dada?"

"Pale."

"Mimi nina pale nyingi."

"Kinena," Kifutio alisema kutoka kwenye kiti.

Koplo aliangalia dari kwa sura ya mtu aliyejitoa kwa ajili ya taifa. Mpimaji hakusita hata nukta. Aliinua ncha ya shati, akabonyeza pale paja linapokunjana na kiwiliwili, akavuta utepe. "Shikilia shati, kaka. Hamsini na moja." Mashine ikasema muda ni milisekunde sitini na tatu, yaani ukiikata sekunde vipande elfu moja, hivi ni vipande sitini na tatu. "Nane nukta moja. Uko sawa."

"Naomba cheti," koplo alisema. "Mke wangu haamini kitu bila muhuri."

"Sasa huyu," Kifutio alisema. "Alale kama alivyolala siku ile."

Fundi friji alifunguliwa. Alikwenda kitandani kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda, akalala, akanyoosha mikono, akafumba macho. Miguu yake ilikuwa upande wa mashine, na kichwa kilikuwa mlangoni.

Koplo alikohoa. Hakuna aliyecheka.

"Geuka," mpimaji alisema bila kumtazama.

Akageuka. Mpimaji aliinamia mashine. Akaandika tarehe ya kuzaliwa. Akaandika urefu. Akamvalisha fundi friji mkanda wa paja kwa mikono miwili ya haraka, akaweka kihisi shingoni, akangoja, akavuta futikamba mpaka kwenye kinena, yote bila neno. Kifutio naye aliandika kitu kwenye daftari lake, mstari mmoja tu.

"Hamsini na tatu," mpimaji alisema. "Muda themanini. Sita nukta sita."

"Nzuri?"

"Nzuri sana. Ni kijana."

"Naomba daftari la siku ile."

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula. Kifutio alilifungua juu ya kitanda, pembeni ya miguu ya fundi friji, akashusha kidole. Kila mtu alikuwa na mstari wake: urefu, umbali, muda, kasi. Alisoma kwa sauti, bila haraka, kama mwalimu anayeita majina.

"Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Hamsini na moja. Hamsini. Huyu ni mama wa jikoni, ana urefu wa mita moja na nusu, amepata arobaini na nne. Na huyu hapa ni marehemu." Kidole kikasimama. "Mita moja na sentimita themanini na sita. Mrefu kuliko wote kwenye ukurasa. Umbali, arobaini na moja. Kiwiliwili chake ni kifupi kuliko cha mama wa jikoni."

Koplo alisogea kutazama. "Labda alitaka kuandika hamsini na moja, kalamu ikateleza."

"Wazo zuri. Lakini kasi imeandikwa tisa nukta moja, na hiyo inatoka kwenye arobaini na moja. Mashine nayo iliambiwa arobaini na moja. Kalamu haitelezi mara mbili kwenye shimo lilelile." Akamgeukia mpimaji. "Muda nani anauandika?"

"Mashine yenyewe."

"Mtu anaweza kuubadili?"

"Hawezi. Ukishaingia umeingia."

"Na umbali?"

Mpimaji alilitazama daftari. "Mimi."

"Sawa. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Siku ile mashine ilipata muda wa arobaini na tano. Huyu aliyelala hapa sasa hivi ana themanini. Akitaka kuwa yeye aliyelala siku ile, mishipa yake izeeke miaka thelathini kwa ajili ya kipimo kimoja, halafu irudie ujana kwa ajili ya leo. Haiwezekani. Muda ule ni wa mtu mwenye bomba la udongo. Ni wa marehemu. Marehemu alikuja hapa mwenyewe, akalala hapa mwenyewe." Alifunga daftari. "Lakini umbali si wake. Si wa mdogo wake. Si wa mtu mzima yeyote. Nauliza arobaini na moja ni nini."

Simu ya koplo ililia. Aliisikiliza, akaiziba kwa kiganja. "Mkuu anauliza tumefika wapi."

Kifutio alikuwa ameshachukua futikamba. "Simama," alimwambia fundi friji, naye akasimama, suruali imerudi mkononi. Inspekta aliweka ncha ya utepe kwenye kishimo cha koo lake, akauachia ushuke, akaubana pale kwenye kifungo cha suruali, mahali ambapo mkanda ungekaa kama asingenyang'anywa. Akainama akasoma.

"Arobaini na moja, kasoro kidogo," alisema. "Mwambie mkuu tumefika kwenye mkanda."

Koplo alimwambia mkuu hivyohivyo, akakata simu kabla hajaulizwa maana yake.

"Koplo humjui," Kifutio alimwambia mpimaji, "lakini ulifika kinena bila kupepesa. Ulimwita kaka, ukamaliza. Huyu hukumuuliza tarehe ya kuzaliwa wala urefu, uliviandika kwa kichwa. Kwa hiyo huyu unamjua. Marehemu ulikuwa unamwitaje?"

Mpimaji alikuwa ameichukua tena futikamba, anaikunja kwenye vidole, anaikunjua, anaikunja.

"Baba," alisema.

"Baba yako?"

"Angekuwa baba mkwe. Tulipanga harusi mwezi wa nane. Wazazi wao hawapo, yeye ndiye angesimama upande wao." Aliliangalia pazia. "Aliingia anacheka. Akasema, leo mkwe wangu ananikagua, nikionekana nimechakaa nitarudishwa dukani. Mkanda wa paja alijivalisha mwenyewe kule nyuma ya pazia, akavaa na suruali yake juu, akafunga mpaka mkanda. Alikuwa na haya kuliko mimi. Nikaanza kupima. Nikafika kwenye mkanda wa suruali nikashindwa, afande. Nimwambie nini? Baba, fungua? Nikasema sentimita chache si kitu. Nikaandika pale nilipofika."

"Ulifundishwa kwamba si kitu?"

"Nilifundishwa kwamba ni kila kitu."

"Kaka alinizidi sentimita moja," fundi friji alisema.

Wote walimgeukia. Tangu waingie zahanati hakuwa amesema neno.

"Kila mahali. Mikono, miguu, shati. Nilivaa nguo zake mpaka namaliza shule, najua. Kwa hiyo yeye ni hamsini na nne." Alikuwa anaongea kama anasoma geji ya friji, jicho moja limefinywa. "Hamsini na nne kwa arobaini na tano. Sentimita moja nukta mbili kwa kila milisekunde. Hiyo ni mita kumi na mbili kwa sekunde." Akafumbua jicho. "Kikomo ulisema ni ngapi?"

Mpimaji aliitia futikamba mfukoni.

"Kumi," Kifutio alisema.

"Asingepanda."

"Asingepanda."

"Angekaa chini. Angenuna wiki nzima, angeshinda nyumbani anatengeneza viti vinavyovunjika." Alimtazama mpimaji kwa mara ya kwanza. "Wewe uliniambia alikuomba."

"Niliogopa."

"Uliniambia kaka alikuja hapa, akakubembeleza umpunguzie, maana anaogopa kushushwa. Ulilia, nikakushika mkono. Uliniambia yakijulikana watamwita mwuaji akiwa kaburini. Nikasema bora waniite mimi." Alisema yote kwa sauti ileile ya geji. "Alikuomba?"

"Hakuomba chochote."

"Alisema nini?"

"Alisema asante, mwanangu. Akaondoka."

Nje mtu alikuwa anapiga ngazi ya chuma kwa nyundo, na kila pigo lilitikisa bati la ukuta. Kifutio alingoja pigo lipite.

"Ulijua lini?" alimwuliza mpimaji.

"Jioni ya ajali. Nilirudi hapa nikapiga hesabu upya, na arobaini na moja, na hamsini na tatu, na hamsini na nne. Nilipiga mara nyingi. Nilikuwa natafuta iliyo chini ya kumi."

"Na huyu amelala mahabusu siku mbili kwa ajili yako."

"Nilitaka kuja, afande. Kila asubuhi nilivaa viatu nije."

Koplo alikuwa anaandika, na kalamu yake ilisimama hapo. "Na yule fundi mwashi?" aliuliza, bila kumwelekea mtu. "Yeye kwenye hesabu hii ni namba ngapi?"

Hakuna aliyemjua fundi mwashi. Ndugu zake walikuwa wameshauchukua mwili, wakasafiri nao. Kwenye faili alikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa umeandikwa vibaya.

"Yeye hakupimwa," Kifutio alisema. "Endelea kuandika."

Alitoa fomu mbili kwenye mkoba. Moja ilikuwa ya kufuta maelezo ya kukiri, na fundi friji aliijaza akiwa amesimama, akitumia kitanda kama meza, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Aliandika kwamba hakupata kulala kwenye kitanda kile kabla ya leo, na kwamba siku ile mlinzi alimwona kwa sababu alikuja kumsalimia mpimaji. Aliandika kwamba kaka yake alipimwa kwa hiari yake na hakumwomba mtu upendeleo. Akaweka sahihi. Koplo alimfungua pingu ya mkono uliobaki, akawa amezishika, akamtazama mpimaji, akamtazama inspekta.

"Hazihitajiki," Kifutio alisema. "Atakuja mwenyewe. Viatu ameshavaa."

Fomu ya pili ilikuwa ya shahidi. Kifutio alimweleza fundi friji kwa sauti ya kazi: sasa yeye si mtuhumiwa, ni shahidi, atasema alichoambiwa na mpimaji, lini, na wapi, suala la kuwapotezea polisi muda kwa maelezo ya uongo litazungumzwa siku nyingine, na mkuu wa kituo bila shaka atapenda kulizungumza akiwa amesimama. Fundi friji aliitikia kila kitu kwa kichwa. Alijaza jina. Alijaza kazi. Alijaza anwani, akaikata, kwa sababu aliandika ya nyumbani kwa kaka yake, akafikiri, akaiandika tena ileile.

Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa niandike nini, afande?"

Kifutio alisogea. Mstari ulisema: Uhusiano wa shahidi na mtuhumiwa.

"Andika ulivyo."

Mpimaji alikuwa upande wa pili wa kitanda, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Andika mchumba," alisema kwa sauti ya chini. "Andika tu. Mpaka jana ilikuwa kweli."

Fundi friji aliinama. Hakuchukua muda, neno lenyewe lilikuwa fupi, na kwa vile mpimaji alikuwa amezoea kusoma karatasi za watu zikiwa zimegeuziwa upande mwingine, alilisoma kabla wino haujakauka.

Hakuna.

Kwa utaratibu, inspekta alipaswa kumwambia kwamba jibu lile si sahihi na alisahihishe mbele ya mashahidi. Aliivuta fomu upande wake, akatia sahihi chini, na kwenye nafasi ya saa akaandika saba na robo.